Vumbi la Chaki Juu ya Fotoni Moja

Nitaanza na ujinga wangu, maana hata nikianza na kitu kingine mtaufikia tu. Siku moja ya Dominika, saa tatu asubuhi, wakati watu wenye akili walikuwa kanisani, niliingia kwa dirisha ndani ya chumba cha fizikia cha shule yetu hapa Rumonge. Nikafunua sanduku ambalo mwalimu alitukataza hata kulipumulia. Nikawasha tochi ya simu, nikachukua vifutio viwili vya ubao, nikavipiga, pa! pa!, ili vumbi la chaki linioneshe fotoni inapita njia gani.

Sikuona fotoni. Nilipiga chafya.

Mtu niliyemharibia ndiye ninayemwandika hapa. Jina lake silitaji. Tulimwita Mwalimu tu, ingawa shule ilijaa walimu. Ukisema Mwalimu bila kuongeza neno, kila mtu alijua ni yule wa fizikia, mwenye koti lenye masizi. Alizaliwa wapi, babake nani, sijui na sijali. Ninayoyajua ni ya miaka minne aliyonisumbua, na ninayaandika nikiwa na hasira, kwa hiyo anayetaka maneno matamu aende kununua biskuti.

Masizi yale kwanza. Mwalimu alikuwa na kibatari cha mawese. Jioni alikaa mlangoni kwake akishika vipande vya kioo juu ya moshi mpaka viwe vyeusi, kimoja kimoja, kwa subira ya mtu anayechoma samaki kwa ajili ya mkwe. Mtaani walisema anapika vioo. Wengine walisema mabaya zaidi. Mama yangu, anayeanika ndagala, dagaa wetu, kwenye mchanga wa ziwa na asiyeogopa mtu, alimsimamisha siku moja akamuuliza:

"Mwalimu, hiyo fotoni unayowafundisha watoto, inaliwa?"

"Jicho lako linaila, Mama. Sasa hivi linakula nyingi sana."

"Basi ndiyo maana sishibi," mama akasema, na wakacheka wote wawili. Mimi nilikasirika, kwa sababu utani mjini humu ni kazi yangu.

Aliniita Redio. "Weye Redio, uko na maneno mengi kama batri mupya." Hakunifukuza darasani hata mara moja. Nilipomwiga anavyotembea, kichwa mbele na mikono nyuma kama bata anayetafuta funguo, aligeuka akanitazama mpaka mwisho, akasema, "Mguu wa kushoto umekosea. Ninauburuza." Utamfanya nini mtu kama huyo?

Lakini msidhani alikuwa mpole. Wiki ya kwanza alimuuliza Abdu, rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja, "Mwanga ni nini?" Abdu alisimama akajibu kama kasuku wa sultani: mwanga ni wimbi, na pia ni chembe. Mwalimu akampa sifuri. Sifuri kamili, kwa kalamu nyekundu.

"Lakini Mwalimu, ni weye ulisema hivyo!"

"Nilisema. Na weye ukaniamini bila kukasirika?"

Hilo ndilo lilikuwa neno lake: asiyekasirika hajaelewa. Alilisema mpaka tukalichoka. Alitaka tukasirike na mwanga, kama mtu aliyeuziwa mbuzi na akafungua kamba akakuta kuku. Na sababu ya kukasirika alikuwa ameijenga yeye mwenyewe, kwenye meza ya chumba cha fizikia.

Chumba hicho kiliandikwa LABORATWARI mlangoni, kwa rangi nzuri. Ndani hakukuwa na kitu. Miaka na miaka shule ilikuwa na mlango wa laboratwari bila laboratwari. Mwalimu akachukua sanduku la mbao, akalijaza mchanga wa ziwa, akaliweka juu ya mipira ya ndani ya magurudumu ya baiskeli iliyotiwa upepo kidogo, ili mtikisiko wa barabara usifike juu. Kwenye mchanga akachomeka vioo viwili alivyovitoa kwenye mashine ya fotokopi iliyokufa. Katikati akachomeka kioo cha tatu, cha projekta iliyokufa pia, ambacho kinapitisha nusu ya mwanga na kurudisha nusu. Pembeni akaweka lasere nyekundu, ile ya kuchezea paka inayouzwa sokoni.

Mwanga ukifika kwenye kioo cha katikati unagawanyika njia mbili. Nusu inakwenda moja kwa moja, nusu inakata kona. Kila njia ina kioo chake mwishoni, mwanga unarudi, unakutana tena, unaangukia ukutani. Na ukutani hauoni doa jekundu kama unavyotegemea. Unaona mistari. Nyekundu, nyeusi, nyekundu, nyeusi.

"Mstari mweusi," Mwalimu alisema, "mwanga wa njia zote mbili unafika hapo. Nikiziba njia moja kwa kidole..." Akaziba. Mistari ikafa, na pale palipokuwa peusi pakawaka. "Nimepunguza mwanga, na giza limeondoka. Mwanga kujumlisha mwanga ni giza. Andikeni, halafu mkasirike."

Hatukukasirika. Tulipiga makofi. Yeye alichukia makofi kuliko kelele.

Ili tuione njia ya mwanga hewani, siku hiyo alipiga vifutio viwili vya ubao juu ya mchanga. Vumbi likapanda, na ndani yake tukaona uzi mwekundu umenyooka, ukagawanyika, ukarudi. Ninaomba mkikumbuke kipande hiki. Ujinga wangu nilifundishwa na yeye mwenyewe.

Sasa ndipo vinapoingia vile vioo vyeusi. Kioo kimoja cha masizi kilipitisha sehemu moja ya mia ya mwanga, alikuwa amekipima. Ukivipanga vitano mbele ya lasere, jicho halioni chochote tena. Hapo, alisema, mwanga unaingia punje moja moja. Fotoni moja inaingia, inamaliza safari yake, kisha sanduku linakaa tupu muda mrefu kabla ya nyingine kuja. "Mara chache zinafuatana mbili kama mapacha," aliongeza, kwa sababu hakuweza kusema uongo hata ule mdogo unaorahisisha maisha. "Lakini nyingi ziko peke yao."

"Na ikiwa peke yake, inapita njia gani?" aliuliza Abdu.

Mwalimu alifurahi mpaka akakaa chini. "Hilo! Ukiweka kitu cha kuipeleleza, utapata jibu, njia hii au ile. Lakini mistari itakufa. Ukiiacha, kila fotoni inatua mahali pamoja tu, kama ndagala moja kwenye jicho moja la wavu. Ukikusanya nyingi, moja moja, zinapanga mistari ile ile. Moja inajuaje mahali pa kutotua? Nani ameiambia kuhusu njia ambayo haikuipita? Au ilizipita zote mbili?"

Nikasema kwa sauti, "Ni kama mjomba wangu siku ya kulipa mahari, hajulikani alipitia wapi, lakini mahari haifiki." Darasa likaanguka kwa kicheko. Mwalimu alisubiri kicheko kiishe, akasema, "Mjomba wako ukimpeleleza utamkuta njia moja. Fotoni ni mbaya zaidi ya mjomba wako."

Na hapa niseme lililo haki: mtu huyo alikuwa na makosa. Wiki sita tulikaa kwenye fotoni moja. Programu ya masomo ilikuwa na umeme, ilikuwa na joto, ilikuwa na mashine za kuinua mizigo. Ezame ya leta, mtihani wa taifa, haikuuliza fotoni hata nusu. Wakubwa wetu wa mwaka ule walianguka kwenye umeme kama maembe, na wazazi walikuja shuleni wamefura. Yeye aliwajibu nini? "Umeme watausoma hata kwa mufundi wa redio. Hili nani atawaambia?" Kiburi! Hakukubali pia msaada wa mtu. Aliweza kutafuta kioo miezi mitatu badala ya kumwomba jirani kioo. Na alimfanya msichana mmoja wa darasa letu alie kwa sababu alisema "takriban" bila kusema takriban kiasi gani. Mpaka leo hilo linanikera.

Kisha kuna habari ya esansi, yaani petroli. Mnajua hali yetu: esansi ikikosekana, inakosekana kweli. Magari yanalala kwenye foleni ya kituo, madereva wanaoga hapo hapo, na bei ya kila kitu inapanda ngazi. Mji mzima ulikuwa unalaani. Mwalimu peke yake alisimama kando ya barabara kuu uso unang'aa, akasema, tena mbele ya watu:

"Ashukuriwe Mungu, barabara imenyamaza."

Karibu wampige. Alimaanisha mistari yake. Lori likipita kwenda Kizuka kuchukua ngazi za mawese, mikungu ya chikichi, mistari inacheza kama kamba ya ngoma. Mashine ya kukamua mawese nyuma ya shule ikiwaka, inafutika kabisa. Sasa malori yalikuwa yamelala, mashine imelala, na mistari ilisimama saa nzima bila kutikisika. Watu waliokosa unga wa kupika, yeye anawaeleza mistari. Hakuelewa kwa nini wamekasirika. Yeye, mwalimu wa hasira!

Na ndipo Diregiteri, mkuu wa shule, alipokuja na maharagi.

Shule ilikuwa inapata maharagi ya kantini na haikuwa na pa kuyaweka. Diregiteri akakitazama chumba cha fizikia, akaona sanduku la mchanga, vioo, na mzee mwenye masizi. Alisema mbele yetu sote, "Bwana Mwalimu, mchanga uko wa kutosha pale ziwani. Nionyeshe kitu. Nionyeshe hizo fotoni zako kwa picha, Jumatatu asubuhi, na chumba kitabaki chako. Ukikosa, maharagi yanaingia."

Alidhani amemkomesha. Lakini Mwalimu alikuwa na filimu moja, ya zamani, aliyopewa na mpiga picha wa mjini alipofunga duka lake, pamoja na dawa ya kusafishia picha, ya kutosha mara moja tu. Mara moja. Aliieleza hesabu yake ubaoni siku ya Ijumaa: Dominika, tangu saa moja asubuhi hadi saa tano, filimu ikae gizani mahali pa ukuta, ivue fotoni moja moja. Mashine imelala, malori hakuna, watu wako kanisani. Saa nne za utulivu. Baada ya hapo mistari itakuwa kwenye filimu, na chumba kitakuwa chetu.

"Na Mwalimu utakaa ndani kuilinda?" niliuliza.

"Hapana. Joto la mwili wangu tu linasogeza mistari. Hakuna mtu kuingia. Hata mimi."

Jioni ile ile Abdu aliniambia kwamba hakuna binadamu aliyewahi kuona fotoni ikipita njia yake. Nikamwambia nitaiona mimi. Ndiyo hivyo tu. Hakuna sababu nyingine, hakuna shetani, hakuna kundi baya. Kuna mdomo wangu.

Dominika nilimkuta Mwalimu ameketi kwenye kiti langoni pa shule, upande wa barabara, mgongo akiuelekezea chumba. Pikipiki moja tu ilitokea, sijui ilipata wapi esansi. Akainuka, akainua mikono miwili kama anayepokea baraka.

"Ndugu yangu, naomba uzime, usukume mpaka kule kwenye mnazi."

"Muzee, weye iko na wazimu? Nasukuma kwa sababu gani?"

"Kuna kitu kinafanya kazi mle ndani, na ni kidogo sana."

Dereva alimtukana tusi refu, akazima, akasukuma. Mwalimu akamsaidia kusukuma, huku akimshukuru, "Murakoze, murakoze cane." Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta ninacheka mpaka machozi. Halafu nikazunguka, nikainua plastiki nyeusi ya dirisha, nikaingia. Mengine nimeshawaambia. Baada ya chafya nilifunika sanduku, nikafuta vidole kwenye suruali, nikatoka. Nilimwambia Abdu kwamba fotoni imepita kushoto.

Jumatatu magunia ya maharagi yalikuwa tayari mlangoni, na wabebaji wawili wameyakalia. Darasa zima tulisimama. Mwalimu alitoka na kipande cha filimu, akakiinua juani, na Diregiteri akakitazama.

Kilikuwa cheusi chote, kama filimu iliyomwagiwa mwanga inavyokuwa. Hakuna mstari, hakuna doa.

"Bwana Mwalimu," Diregiteri akasema, "umenipigia picha ya usiku?"

Mwalimu alitutazama. Sikumbuki alinitazama mimi zaidi ya wengine, na nimejaribu sana kukumbuka. Akasema, "Kosa ni langu. Sikufunga sawasawa."

Diregiteri akanigeukia. "Na weye Redio, leo huna neno?"

Hapo palikuwa na nafasi. Njia mbili, na hakuna aliyezizuia. Nikafungua mdomo nikasema, "Hiyo ni picha ya fotoni ikiwa imelala." Watu walicheka! Diregiteri alicheka, wabebaji walicheka, hata Abdu, aliyejua nilikoingia. Mwalimu naye alitabasamu kidogo, kwa sababu utani ulikuwa mzuri. Kisha akaanza kutoa mchanga kwa beseni.

Alimaliza mwaka akifundisha umeme, ukurasa kwa ukurasa, bila kukosea na bila kukasirika. Tulipita wote, tukapanda darasa. Likizo ilipofika akachukua pensheni yake akaondoka.

Hasira yangu niigawanye vipi? Inamstahili Diregiteri, kwa sababu maharagi yale yaliliwa yakaisha kabla ya mvua kukatika, na chumba kimebaki kitupu mpaka leo, kimefungwa kufuli, panya wanafanya ezame ndani. Inawastahili wazazi waliosema afadhali ameondoka. Inamstahili yeye: kwa nini hakupiga kelele? Kwa nini hakututia adabu, akatunyima chakula, akatafuta mwenye kosa? Mtu anayemliza msichana kwa neno "takriban" anawezaje kusema "kosa ni langu" ilhali si lake? Huo ni uongo. Ulikuwa uongo wake wa kwanza, na alinitupia mimi niubebe.

Nilipochoka kuubeba nilichukua baiskeli ya mjomba, yule yule wa mahari, nikaenda Kigwena. Walisema Mwalimu amejenga huko, karibu na msitu, kwenye michikichi ya ndugu zake. Nilimkuta katika shamba la mahindi. Na kabla ya kumwona yeye niliviona vile vioo viwili. Alikuwa amevifunga kwa kamba kwenye miti, vinazunguka na upepo na kurusha mwanga huku na huku ili kufukuza tumbili. Vioo vilivyosimamisha mistari saa nzima! Nikasahau hotuba niliyoipanga njiani.

"Amahoro, Mwalimu. Kwa nini umevifanya hivi?"

"Amahoro, Redio. Tumbili wanaogopa siku mbili. Siku ya tatu wanakuja kujitazama." Alikuwa na koti lile lile. "Mguu wako wa kushoto umeuburuza vizuri ulipokuwa unakuja."

Nilikuwa sijaiga. Nilikuwa nimechoka tu. Nikamwambia pale pale nimesimama, "Mwalimu, ni mimi. Niliharibu fotoni."

Na hapo, baada ya miaka minne, nilimwona amekasirika. Shingo ilimvimba.

"Hukuharibu fotoni! Hakuna fotoni uliyoiharibu! Uliharibu filimu. Sema vizuri!"

"Niliharibu filimu."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa tochi. Na vumbi la chaki. Nilitaka kuona njia."

"Vumbi la kijani," alisema. "Ijumaa ulichora pua yangu ubaoni kwa chaki ya kijani, ukaifuta. Dominika kioo cha kushoto kilikuwa kijani." Akaketi juu ya gogo la mchikichi, hasira ikampungua. "Sasa fikiri. Fotoni ikigonga punje ya chaki inarukia upande mmoja. Ili uione lazima iingie jichoni mwako. Ikiingia jichoni imekwisha, haifiki kwenye filimu. Ulitaka kula samaki wa mukeke na kumrudisha ziwani. Na uliona nini?"

"Sikuona kitu."

"Abdu aliniambia ulisema kushoto."

Tumbili mmoja alikuwa ameketi kwenye uzio anajitazama kwenye kioo.

"Kwa nini hukunitaja?" nikauliza, na sauti yangu ilikuwa mbaya, kama ya mtu anayedai. "Ungenitaja, chumba kingebaki!"

"Nilingoja ujitaje," alisema. "Nilidhani itachukua saa nne."

Alinyanyuka akaingia ndani, akarudi na daftari. Katikati ya kurasa ilikuwemo ile filimu nyeusi. Akaniwekea mkononi. "Saa mbili za mistari ziko humo, chini ya tochi yako. Zilitua moja moja, na hakuna anayeweza kuzitoa tena. Chukua. Mimi siwezi kuitazama bila kukasirika."

Nilirudi Rumonge nimeifunga ndani ya shati. Mama alikuwa anageuza ndagala mchangani. Nilimwambia yote, tangu dirisha mpaka tumbili, na kwa mara ya kwanza maishani sikuongeza chumvi. Aliyasikiliza bila kuinuka, akaichukua filimu, akaitazama juani muda mrefu, akanirudishia. Kisha akasema hivi, neno kwa neno:

"Umeungama kwa mutu ambaye alikuwa anajua tayari, hiyo hata mbuzi anaweza. Diregiteri hajui, na chumba kiko kitupu na kufuli. Kesho asubuhi utamwambia, mbele ya hao hao uliowachekesha, na mimi nitasimama mulangoni na vifutio viwili. Ukitia utani hata mumoja, navipiga, na kichwa chako kitakuwa katikati."